Ukuta wa Kaskazini wa Eiger: Historia Yake, Hatari Zake na Somo Letu

Wanachuo wenzangu, ukimuuliza mtu yeyote pale kwenye vimbweta mlima gani ni hatari, atakutajia mlima mrefu. Ndivyo tulivyozoea: mlima ni urefu, na urefu ni sifa. Kilimanjaro yetu ina mita 5,895, na kila mwaka watu wa kawaida kabisa, walimu, wastaafu, wanafunzi, hufika kileleni kwa miguu yao na kurudi wakiwa na vyeti. Sasa kuna mlima huko Uswisi wenye mita 3,967 tu, yaani mfupi kuliko Kilimanjaro kwa karibu mita 2,000, ambao upande wake mmoja umeua zaidi ya watu 60 tangu mwaka 1935. Mlima huo unaitwa Eiger. Na waliokufa pale hawakuwa watalii waliopotea njia. Wengi walikuwa wapandaji hodari wa zama zao.

Mimi nasoma ualimu, na masomo yangu ya kufundishia ni Jiografia na Historia. Ukuta wa Eiger nimeuchagua kwa sababu unayakutanisha masomo yote mawili mahali pamoja: miamba, barafu na hali ya hewa upande mmoja, siasa na tabia za binadamu upande mwingine. Sababu nyingine ni ya umri. Nina miaka 22. Vijana wawili ambao habari zao nitazisimulia hapa, Andreas Hinterstoisser na Toni Kurz, walikuwa na miaka 21 na 23 walipofia ukutani. Mimi niko katikati yao. Kwa hiyo nimeisoma historia hii kama habari za watu ambao wangeweza kuwa chumba cha jirani hosteli.

Mlima wenyewe ukoje

Eiger uko katika milima ya Alps, jimbo la Bern, juu ya kijiji cha Grindelwald. Umesimama mstari mmoja na milima mingine miwili, Mönch na Jungfrau. Majina haya watu huyasimulia kama hadithi: Jungfrau ni binti, Mönch ni mtawa, na Eiger ni zimwi, mtawa kasimama katikati kumkinga binti asiliwe na zimwi. Sisi tunasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Tatizo la zimwi hili ni kwamba halimjui mtu.

Kilele cha Eiger kilifikiwa mapema, tarehe 11 Agosti 1858, na Charles Barrington kutoka Ireland akiwa na waongozaji wawili wa Uswisi, Christian Almer na Peter Bohren. Walipitia upande wa magharibi, ambao una mteremko unaovumilika. Kwa hiyo hoja haikuwa kamwe kama kilele kinafikika. Hoja ilikuwa upande wa kaskazini.

Upande huo ni ukuta wenye kimo cha kama mita 1,800. Hebu upige picha kichwani: chukua jengo la ghorofa 40, tuseme mita 150, kisha panga majengo kumi na mawili ya aina hiyo, moja juu ya jingine. Hapo ndo utaupata ukuta wa Eiger. Umetengenezwa na mwamba wa chokaa, umeingia ndani kama kiganja kilichokunjwa kidogo, na kwa kuwa unatazama kaskazini, jua huufikia kwa shida. Barafu hukaa humo katika mabaka makubwa. Wapandaji wameyapa mabaka hayo majina: Uwanja wa Kwanza wa Barafu, wa Pili, wa Tatu, na lile la juu kabisa lenye mikono iliyotawanyika pande zote, linaloitwa Buibui Mweupe.

Kwa Kijerumani upande wa kaskazini wa mlima huitwa Nordwand. Magazeti ya miaka ya 1930 yalibadilisha herufi moja tu, wakauita Mordwand. Nord ni kaskazini. Mord ni mauaji.

Kuna jambo moja linaloufanya ukuta huu uwe tofauti na milima mingine yote ya kutisha. Haujajificha. Chini yake, pale Kleine Scheidegg, kuna hoteli na kituo cha treni. Mtu aliweza kukaa kwenye kiti, mbele yake kikombe cha kahawa, akaweka jicho kwenye darubini na kumwangalia mwenzake anakufa. Zaidi ya hapo, ndani ya mlima wenyewe kuna reli. Kazi ya kuijenga reli ya Jungfrau ilianza mwaka 1896 na kumalizika mwaka 1912, na handaki lake linapita ndani kabisa ya Eiger. Kituo kimoja kilitobolewa madirisha yanayotazama nje kwenye ukuta wa kaskazini, na lipo tundu jingine lenye mlango ambalo wachimbaji walilitumia kutupia kifusi. Likumbuke tundu hilo, tutalirudia.

1935 na 1936: vijana na ukuta

Mwezi Agosti 1935 Wajerumani wawili kutoka Munich, Max Sedlmayr na Karl Mehringer, waliuingia ukuta moja kwa moja. Siku za mwanzo walikwenda vizuri. Kisha hali ya hewa ikageuka, ukungu ukaufunika ukuta, na siku ulipofunguka kidogo walionekana wangali wanapanda, polepole sana. Baada ya hapo hawakuonekana tena wakiwa hai. Waliganda kwa baridi juu ya Uwanja wa Pili wa Barafu. Mahali hapo panaitwa mpaka leo Kambi ya Kifo.

Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai 1936, walikuja wanne. Hinterstoisser na Kurz walitoka Bavaria. Willy Angerer na Edi Rainer walikuwa Waaustria. Walianza kama timu mbili, wakaungana ukutani.

Walipofika sehemu ya chini walikutana na bamba la mwamba, laini, lisilo na pa kushika, la kama mita 30 kwa upana. Juu yake hakupandiki, lakini ng'ambo yake ndiko njia iliko. Hinterstoisser alifanya jambo la akili sana. Alipanda juu kidogo, akapigilia msumari wa chuma mwambani, akafunga kamba, kisha akajiegemeza kwenye kamba hiyo na kuambaa na bamba hadi ng'ambo. Wenzake watatu wakapita kwa kamba hiyo hiyo. Halafu wakaivuta kamba, wakaondoka nayo.

Ukiwaza kwa haraka utaona hawakuwa na kosa. Kamba ni kitu cha thamani, juu kuna kazi nyingi zinazoihitaji, na wao walikuwa wanakwenda juu, siyo chini. Lakini bamba lile lilipitika kutoka upande mmoja tu. Bila kamba, kurudi hakukuwepo.

Kule juu jiwe lilimpiga Angerer kichwani. Walijikokota bado, wakalala ukutani, ila mwishowe ilibidi wageuke wamshushe mwenzao. Tarehe 21 Julai walifika kwenye bamba. Safari hii lilikuwa limevikwa barafu nyembamba kama kioo. Hinterstoisser, yule yule aliyeligundua, alihangaika nalo kwa saa kadhaa akashindwa. Ikabaki njia moja: kujishusha kwa kamba wima, kupitia kuta zilizoinama kwa mbele.

Hapa ndipo linapoingia lile tundu la reli. Mfanyakazi wa reli, Albert von Allmen, alifungua mlango akachungulia nje na kuwaita. Wakamjibu kwa sauti ya uchangamfu kwamba wanashuka na wote ni salama. Akafurahi, akarudi ndani kuwachemshia chai. Alipochungulia tena baadaye alisikia kilio cha kuomba msaada, cha mtu mmoja. Maporomoko ya theluji yalikuwa yamepita. Hinterstoisser alikuwa ametupwa hadi chini. Angerer na Rainer walikuwa wamekufa kwenye kamba. Kurz alikuwa hai, ananing'inia katikati ya maiti mbili.

Waongozaji wa mlima walikuja kwa hiari yao, wakatokea kwenye tundu lile lile, lakini giza liliingia kabla hawajamfikia. Kurz akalala usiku kucha akining'inia, mkono mmoja ukiwa umeganda. Asubuhi walimwambia akate kamba iliyomwunganisha na maiti, kisha aifumue ile kamba nyuzi nyuzi, aziunge apate uzi mrefu wa kuwateremshia. Alifanya kazi hiyo kwa saa nyingi, akitumia mkono mmoja na meno yake. Uzi ukafika, wakamfungia kamba, akaivuta juu. Ilikuwa fupi. Wakaunga ya pili kwa fundo. Alipoanza kujishusha, fundo lilikwama kwenye pete yake ya chuma, likakataa kupita. Alikuwa mita chache tu juu ya vichwa vya waokoaji. Alihangaika na fundo hilo mpaka akasema hawezi tena, akainamisha kichwa, akafa. Ilikuwa tarehe 22 Julai 1936.

Bamba lile leo linaitwa Kivuko cha Hinterstoisser. Kwa kawaida hukuta kamba imefungwa hapo, tayari kwa anayekwenda na anayerudi.

1937 na 1938: waliorudi na waliofika

Baada ya vifo hivyo serikali ya jimbo la Bern ilipiga marufuku kupanda ukuta huo. Marufuku hiyo haikudumu, ikaondolewa.

Mwaka 1937 Ludwig Vörg na Mathias Rebitsch walipanda juu sana, hali ya hewa ikawageuka, nao wakageuka. Walishuka wakiwa hai, watu wa kwanza kurudi salama kutoka kimo kile. Kwenye Kivuko cha Hinterstoisser waliikuta kamba, kwa sababu walikuwa wameiacha wenyewe. Kwangu mimi huu ndio mwaka muhimu kuliko yote katika historia ya ukuta huu, na nitaeleza sababu mbele.

Mwaka 1938 ulianza vibaya. Mwezi Juni Waitaliano wawili, Bartolo Sandri na Mario Menti, walikufa sehemu ya chini. Mwezi Julai ndipo walipokuja wanne walioushinda. Waaustria walikuwa Fritz Kasparek na Heinrich Harrer; huyu Harrer alikuwa ndo kwanza katoka kwenye mitihani yake ya mwisho ya chuo kikuu cha Graz. Wajerumani walikuwa Anderl Heckmair na huyo huyo Vörg aliyegeuka mwaka uliotangulia.

Tofauti yao ilikuwa miguuni. Heckmair na Vörg walikuwa na vyuma vipya vya kufunga chini ya viatu, vyenye meno 12, mawili yakiwa yametokeza mbele, hivyo waliweza kusimama kwenye barafu ya wima kwa ncha za vidole. Kasparek alikuwa na vyuma vya zamani vya meno 10. Harrer hakuwa navyo kabisa. Wao wawili walikata ngazi kwenye barafu kwa shoka, hatua kwa hatua. Heckmair na Vörg walianza siku moja nyuma yao, wakapita kwenye ngazi hizo wakawafikia kwenye Uwanja wa Pili wa Barafu. Hapo timu mbili zikawa moja, Heckmair akaongoza. Kwenye Buibui Mweupe maporomoko ya theluji yaliwakuta wote wanne, wakang'ang'ania, yakapita. Tarehe 24 Julai 1938, alasiri, katikati ya dhoruba, wakafika kileleni.

Mwezi Machi mwaka huo Ujerumani ilikuwa imeimeza Austria. Waaustria wawili na Wajerumani wawili kwenye kamba moja! Watu wa propaganda wasingeweza kuomba picha nzuri zaidi. Hitler aliwapokea akapiga nao picha. Miaka mitatu baadaye, Juni 1941, Vörg aliuawa vitani upande wa Urusi. Harrer alikwenda Asia, akaandika kitabu maarufu kuhusu miaka yake saba Tibet, na mwaka 1997 ndipo ulimwengu ulipojua wazi kwamba alikuwa mwanachama wa SS. Mwalimu wa Historia hawezi kuifundisha siku ile ya kileleni akaiacha picha ile na Hitler. Ujasiri ulikuwa wa kweli, na waliouvuna walikuwa watu wengine.

1957: mtu aliyehukumiwa mapema

Agosti 1957 Waitaliano wawili, Claudio Corti na Stefano Longhi, waliungana ukutani na Wajerumani wawili, Günther Nothdurft na Franz Mayer. Longhi alianguka wakashindwa kumpandisha. Akabaki kwenye kijukwaa chembamba. Juu zaidi jiwe likamwumiza Corti. Wajerumani wakamwachia hema lao, wakaendelea kwenda kutafuta msaada.

Wajitolea kutoka nchi mbalimbali za Ulaya walipanda kileleni kwa upande wa magharibi, wakafunga mtambo wa waya wa chuma, na Alfred Hellepart kutoka Munich akateremshwa zaidi ya mita 300 ukutani. Akambeba Corti mgongoni, wakavutwa juu. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuokolewa kutoka juu katika ukuta huo. Longhi hakufikiwa. Alikufa kwa baridi, na mwili wake ulining'inia pale hadi mwaka 1959, huku watu chini wakiutazama kwa darubini.

Na Wajerumani wawili? Hawakuonekana. Basi maneno yakaanza. Corti kapona peke yake na hema si lake, kwa hiyo kawafanyaje wenzake? Aliishi na tuhuma hizo kwa miaka minne. Mwaka 1961 miili ya Nothdurft na Mayer ikapatikana upande wa magharibi, kwenye njia ya kushukia. Walikuwa wamefika kileleni, wakafa kwa uchovu wakishuka, wakiwa njiani kumtafutia msaada. Corti alisema kweli tangu mwanzo. Wahenga walituonya kwamba haraka haraka haina baraka, na sijui haraka nyingine mbaya kuliko ya kumhukumu mtu aliyenusurika.

Hatari zake, moja moja

Sasa tuje kwenye Jiografia. Kwa nini ukuta huu unaua?

Ya kwanza ni mawe. Mwamba wa Eiger umepasuka pasuka, na gundi inayoshikilia vipande vyake ni barafu. Jua la mchana likigusa sehemu za juu, gundi inayeyuka na mawe yanaachia. Ndiyo maana wapandaji hujitahidi kuvuka viwanja vya barafu usiku au alfajiri, wakati kila kitu kimegandishwa.

Ya pili ni hali ya hewa. Eiger uko ukingoni mwa milima, kaskazini kwake ardhi inashuka. Mawingu yanayotoka kaskazini-magharibi hukutana na ukuta huu kwanza. Kwa vile umeingia ndani, dhoruba ikishaingia hukaa humo kama moshi kwenye jiko lisilo na dirisha. Bondeni watu wanaota jua, ukutani kuna theluji.

Ya tatu ni barafu nyembamba. Maji yanayotiririka mchana hugeuka kioo usiku. Barafu nene unaikita shoka. Hii haishiki shoka wala haiachi mkono ushike mwamba. Ndiyo iliyowazuia wanne wa 1936.

Ya nne ni maporomoko ya theluji. Buibui Mweupe hufanya kazi kama faneli: theluji na mawe kutoka juu yote hukusanyika hapo kabla ya kumwagika chini, na njia inapita katikati yake.

Ya tano ni njia yenyewe. Hainyooki. Inakwenda kushoto, inarudi kulia, inavuka mabamba kwa kuambaa. Kila kuambaa ni mlango unaofungika nyuma yako, maana kujishusha kwa kamba kunakupeleka chini, hakukupeleki pembeni.

Ya sita siyo ya mlima, ni ya watu: darubini, magazeti, serikali zinazotaka mashujaa. Mtu anayeangaliwa hugeuka nyuma kwa shida zaidi.

Kuanzia hapo hadi leo

Baada ya njia kujulikana, zimwi lilianza kuzoeleka. Wafaransa Lionel Terray na Louis Lachenal walikuwa timu ya pili kufika, mwaka 1947. Mwaka 1961, mwezi Machi, timu ya watu wanne ilipanda kwa mara ya kwanza wakati wa baridi. Mwaka 1963 Mswisi Michel Darbellay alipanda peke yake. Mwaka 1964 Daisy Voog akawa mwanamke wa kwanza kupita ukuta huo. Mwaka 1966 Mmarekani John Harlin alijaribu njia iliyonyooka moja kwa moja. Kamba ikakatika, akafa, na wenzake wakaimaliza njia hiyo, ambayo sasa ina jina lake. Mwaka 1974 Reinhold Messner na Peter Habeler walitumia saa 10 tu. Messner huyo huyo, mwaka 1978, alikuja kwetu akapanda na Konrad Renzler Ukuta wa Breach wa Kilimanjaro, upande ambao watalii hawaugusi. Kwa hiyo hata Kilimanjaro ina uso wake wa pili.

Mwaka 2015 Mswisi Ueli Steck aliumaliza ukuta wa Eiger kwa saa 2 na dakika 22. Kazi iliyowachukua watu wa 1938 siku nne yeye aliifanya kwa muda wa vipindi viwili vya mhadhara. Mwaka 2017 Steck alianguka akafa huko Nepal, kwenye mlima Nuptse, akijiandaa kwa safari nyingine. Ufundi hupunguza hatari, wala hauifuti.

Na ukuta nao unabadilika. Joto la dunia linayeyusha barafu inayoshikilia mawe, na mabaka ya barafu yanapungua wakati wa kiangazi. Julai 2006 sehemu kubwa ya mwamba ilianguka upande wa mashariki wa Eiger. Wapandaji wengi siku hizi huenda wakati wa baridi au mwanzoni mwa masika ya Ulaya, kwa sababu baridi kali, iliyokuwa adui wa wale wa zamani, sasa ndiyo inayoyashika mawe mahali pake.

Somo letu

Nimeahidi kueleza kwa nini 1937 ni mwaka muhimu. Hapa chuoni tunaletewa wahamasishaji wengi. Wanapanda jukwaani na kutuambia tusiwe na mpango wa pili, kwamba mwenye njia ya kurudi hafiki. Ukumbi unapiga makofi. Basi ningependa mhamasishaji mmoja anieleze habari ya Vörg. Aliacha kamba kwenye kivuko. Aligeuka. Mwaka uliofuata akafika kileleni, akiwa na ujuzi wa ukuta ambao hakuna maiti aliyeweza kumpa mtu. Njia ya kurudi ndiyo iliyompeleka juu.

Sisemi tuwe waoga. Mtu aliyebaki Kleine Scheidegg na kahawa yake hakujifunza kitu. Nasema kuna tofauti kati ya kuthubutu na kujifungia mlango. Kuahirisha mwaka, kubadilisha kozi, kurudi nyumbani muhula mmoja kwa sababu mzazi anaumwa: haya tunayaita aibu, na kwa kuwa tunayaita aibu, wenzetu wanaendelea kupanda huku jiwe limeshawapiga kichwani. Mpaka jina linakosekana kwenye orodha ya matokeo ndo tunaulizana, kwani alikuwa na tatizo?

Linanirudia sana lile jibu waliompa von Allmen. Mmoja wao alikuwa amejeruhiwa, njia ya nyuma imefungwa, siku ya nne ukutani, wakaulizwa, wakajibu kwamba wote ni salama. Mimi nalielewa jibu hilo kwa sababu ndilo letu. Mambo? Poa. Hujambo? Sijambo. Lugha yetu imempa hata mgonjwa jibu moja tu la kuanzia. Lakini wazee wetu walijua ujanja wake. Bibi yangu ukimwuliza habari za nyumbani atasema salama, atanyamaza kidogo, halafu ataongeza, "ila..." Na baada ya hiyo ila ndipo habari zenyewe zinapoanza: mtoto ana homa, mahindi yamekauka, fulani katutoka. Anayeuliza habari akaondoka kabla ya ila hajauliza kitu.

Von Allmen hakuwa na kosa. Aliuliza, akajibiwa, akaenda kuchemsha chai, na pengine hata angebaki mlangoni asingeweza kuwazuia theluji. Ila sisi tunaokwenda kuwa walimu, tutakaosimama mbele ya watoto 80 darasani na kuuliza "mmeelewa?", tutajibiwa "ndiyooo" kila siku. Kazi yetu itaanzia baada ya jibu hilo.

Maswali ya kujadili

1. Kwa kutumia mifano ya Eiger na Kilimanjaro, eleza kwa nini urefu wa mlima peke yake hauonyeshi hatari yake.

2. Wapandaji wa 1936 waliondoa kamba kwa sababu waliihitaji mbele. Je, uamuzi wao ungeonekana mbaya kama wangefika kileleni? Jadili.

3. Waokoaji wa 1936 na 1957 walikwenda kwa hiari. Je, mtu anayeingia hatarini kwa kupenda ana haki ya kudai wengine wahatarishe maisha yao kwa ajili yake? Toa hoja za pande zote mbili.

4. Serikali ilitumia ushindi wa 1938 kwa malengo yake. Taja namna ambazo mafanikio ya vijana hutumiwa na watu wengine katika mazingira yako.

5. Mtafute mwenzako mmoja ambaye hujamwona vimbwetani wiki hii. Mwulize habari. Akisema poa, usiondoke.